Mkono Uliopinda

Siku hiyo Bi Plasta alikuwa amefunga mikono tisa, miguu minne, na bega la mwendesha baiskeli mmoja aliyelalamika tangu anaingia mpaka anatoka. Ilipofika saa nane mchana alivua aproni, akanawa mpaka kwenye viwiko, akajitupa kwenye stuli ya wagonjwa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Miguu ilikuwa inawaka moto. Mgongo ndio usiseme.

Jina la Bi Plasta alipewa na wagonjwa, manesi wakalizoea, na sasa hata daktari mkuu alimwita hivyo hivyo. Miaka kumi na miwili alikuwa kwenye chumba kile kile, anachovya bandeji za plasta kwenye beseni la maji ya vuguvugu, anazizungusha kwenye kiungo kilichovunjika, analainisha kwa viganja, anasubiri ikauke. Alikuwa na miaka thelathini na sita, hana mume, hana mtoto, na mchana huo alikuwa anakwenda kuachana na mwanamume pekee aliyewahi kumpenda.

"Zamu si imekwisha?" nesi mwenzake alimuuliza. "Nenda nyumbani ukalale, dada. Macho yako yamekwisha."

"Kuna mahali napita kwanza."

"Umevaa hereni."

"Nimevaa."

"Basi siulizi," nesi alisema, na kweli hakuuliza. Ila alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni.

Ndani ya mkoba wake kulikuwa na ufunguo mmoja aliouchomoa kwenye pete ya funguo za nyumbani. Ulikuwa wa karakana ya mtu aliyeitwa Chokaa, jina ambalo watu walimpa kwa sababu hakuonekana hata siku moja bila unga mweupe kwenye nyusi. Kazi yake ilikuwa sanamu za plasta. Alichukua umbo la mkono wa mtu aliye hai, akamimina plasta ndani ya umbo hilo, na ikitoka unaona kila mkunjo wa ngozi, kila kovu, mpaka ukucha ulioliwa kwa mawazo. Saa kumi jioni hiyo maonyesho yake yalikuwa yanafunguliwa kwenye ukumbi wa sanaa: mikono ya watu wa kazi thelathini tofauti. Baada ya wiki tatu sanamu zingepakiwa kwenye masanduku zipelekwe mji mwingine, na yeye angezifuata, maana huko amepata kazi ya kufundisha kwa miaka miwili.

Barua aliyomwandikia Bi Plasta, kumwomba waende pamoja, ilikuwa fupi. "Njoo siku ya ufunguzi uniambie ndiyo au hapana. Ukisema hapana sitakusumbua tena. Ila uje useme. Usininyamazie."

Hilo neno la mwisho ndilo lililomkaa Bi Plasta kichwani wiki nzima.

Asubuhi kabla ya zamu alimkuta mama yake ameshakaa kwenye cherehani. Mama alikuwa fundi wa nguo tangu binti yake hajazaliwa, na sebule yao ndiyo iliyokuwa duka, ndiyo chumba cha kupimia, ndipo na pa kulia chakula. Ukikaa bila kuangalia unachomwa na pini.

"Leo ndiyo ile siku?" mama aliuliza bila kuinua macho.

"Ndiyo, mama."

"Basi nenda ukalimalize hilo jambo. Mwaka mzima linazunguka humu ndani kama nzi."

"Nitalimaliza."

"Kwa mdomo wako. Si kupeleka kikaratasi."

"Nimesikia, mama."

"Umesikia nini?"

"Nikalimalize. Kwa mdomo wangu."

Mama alimtazama kwa muda, jinsi anavyotazama kitambaa kabla hajakikata. Akafungua mdomo, akaufunga. "Haya," akasema, akarudi kwenye mshono wake. Alishona kidogo tu, kisha akasimamisha cherehani na kuanza kusugua kifundo cha mkono wake wa kulia.

Mkono huo nao una habari yake, na afadhali niieleze sasa. Miaka minne nyuma mama alianguka kutoka kwenye kiti akitundika mapazia ya mteja, kifundo kikavunjika. Bi Plasta ndiye aliyemfunga, kwa uangalifu ambao hajampa mgonjwa mwingine yeyote. Wiki sita, akamwambia, usiiguse. Wiki ya nne alirudi kutoka kazini akakuta plasta iko kwenye ndoo ya taka vipande vipande na mama anashona. Alikuwa ameuloweka mkono kwenye beseni la kufulia, kisha akaikata plasta yote kwa mkasi wake wa vitambaa, tena kwa mkono wa kushoto, kwa sababu kulikuwa na gauni la bibi harusi na siku zimebana. Kilichomuuma mama ni mkasi, maana uliharibika kabisa. Mkono ukapona umepinda. Mfupa wa upande wa kidole gumba uliinuka kwa kiasi cha punje ya harage, na kila Bi Plasta alipouona alijisikia vibaya. Anyooshe mikono ya mji mzima, wa mama yake mzazi ubaki vile.

Njiani kwenda ukumbini alitembea polepole. Alikuwa na muda, na hakuwa na haraka ya kufika.

Aliwaza siku alipokutana na Chokaa. Ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Mlango wa chumba cha plasta ulifunguliwa akaingia mwanamume mrefu, amekumbatia mkono wake wa kushoto kama anayebeba mtoto mchanga, na mkono wenyewe umezama ndani ya bonge la plasta kubwa kuliko ndoo.

"Umevunjika wapi?" Bi Plasta alimuuliza.

"Sijavunjika popote. Nimekwama."

"Umekwama vipi?"

"Nilikuwa nachukua umbo la mkono wangu mwenyewe. Nikasahau kupaka mafuta. Plasta imeshika vinyweleo vyote, na nikivuta..." Hakumaliza. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, mwanamume mzima.

Miaka yote hiyo hajawahi kumwona mtu aliyejifunga plasta bila kuvunjika. Alicheka mpaka akalazimika kushika meza. Kisha akachukua msumeno wake mdogo, akaikata plasta taratibu kwa nusu saa nzima, huku akimgombeza: plasta ikiwa nene hivyo inapata joto inapoganda, ingekuunguza, wewe msanii hujui hata hilo? Nenda idara ya meno, kawaulize ule uji wa rangi ya waridi wanaochukulia umbo la meno, huo haushiki vinyweleo wala haupati joto. Akaenda kweli. Wiki iliyofuata alirudi na sanamu ya kwanza aliyoifanya kwa uji huo, akamletea kwa kuifunga kwenye taulo. Na wiki iliyofuata akarudi bila sanamu, bila jeraha, bila kisingizio chochote.

Walipendana kwa miaka miwili kimya kimya. Ndipo akaja nyumbani kujitambulisha.

Alikuja mchana wa Jumapili, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, ila weupe wa kwenye kucha ulikuwa umegoma kutoka. "Shikamoo, mama," alisema, akanyoosha mkono.

"Marahaba," mama alijibu. Mkono wa kulia umeshika mkasi, wa kushoto kitambaa, na hakuweka chini hata kimoja.

Mkono wa mgeni ulibaki hewani. Jamani, kuna vitu vinachukua dakika moja na mtu anavibeba miaka. Mwishowe aliushusha mwenyewe, akaufuta kwenye suruali kana kwamba ulikuwa na uchafu.

"Baba yake huyu naye alikuwa na vipaji," mama alisema. "Alichora, aliimba, alipiga gita. Asubuhi moja akaondoka na vipaji vyake vyote, akaniachia mtoto na cherehani. Wewe nasikia ukiwa kazini unasahau hata kula. Sasa mtu anayejisahau mwenyewe, mwanangu atamkumbuka?"

Chokaa alimgeukia Bi Plasta, akamtazama, akangoja. Alikuwa anangoja neno moja tu.

Bi Plasta aliinama akaanza kuokota pini sakafuni.

Nje, kwenye ngazi, ndipo walipogombana, kama ule unaweza kuitwa ugomvi, maana aliyesema hasa alikuwa mmoja.

"Mama yako sina neno naye," Chokaa alimwambia. "Ameumizwa, ana haki ya kuogopa. Lakini wewe?"

"Ningesema nini? Ni mama yangu."

"Chochote. Hata 'mama, mpe mgeni kiti'. Ulikuwa unaokota pini."

Tangu siku hiyo walionana mara tatu, zote njiani, wakajuliana hali kama majirani waliohama.

Basi ndiyo hayo aliyokuwa anatembea nayo. Mpaka anafika kwenye ngazi za ukumbi alikuwa ameshaamua. Atampa ufunguo, atasema hapana, atarudi nyumbani, atalala. Alikuwa amechoka kumpenda mtu huku akimtii mwingine. Mmoja lazima amwachie, na mama hana mtu mwingine.

Ukumbi ulikuwa mweupe kuta zote, una madirisha juu karibu na dari. Mikono ya plasta ilikuwa imepangwa juu ya vimeza virefu vyembamba, kila mmoja na kibao chake chenye namba na kazi ya mwenyewe. Mkono wa mkunga umekunjwa kama kikombe. Mkono wa dereva umeshika usukani usiokuwepo. Mkono wa mwokaji, mkono wa mwalimu na chaki yake. Msimamizi wa ukumbi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, alikuwa anazunguka akibandika vikaratasi vya USIGUSE.

"Bado hatujafungua," alimwambia Bi Plasta.

"Mwache, ni mgeni wangu," sauti ilitoka juu.

Chokaa alikuwa kwenye ngazi ya kukunja, anageuza taa. Alishuka. Amekonda, shati lile lile la Jumapili ile. Walisimama wakitazamana, na moyo wa Bi Plasta ulidunda vibaya, pamoja na uchovu wake wote na uamuzi wake wote.

"Umekuja," Chokaa alisema.

"Uliniambia nije."

"Umetoka zamu?"

"Mikono tisa, miguu minne na bega."

"Kaa basi, umechoka."

"Nikikaa sitainuka." Alifungua mkoba, akatoa ufunguo, akampa. Alikuwa ameandaa maneno tangu wiki iliyopita, akayatafuta, hakuna hata moja. "Nimekuletea huu," akasema.

Chokaa aliupokea. Aliutazama ulivyolala kwenye kiganja, kisha akafumba vidole.

"Hilo ndilo jibu?"

Bi Plasta alitikisa kichwa kukubali.

"Hata leo hutasema," Chokaa alisema, bila hasira. Alikuwa na sauti ya mtu aliyebeba kitu kizito ngazi nyingi, akafika, akaambiwa siyo nyumba hii. "Sawa. Nilisema sitakusumbua. Ila nina ombi moja. Usitoke kabla hujaona namba kumi na tisa."

"Kuna nini?"

"Siwezi kukuambia. Niliahidi."

"Ulimwahidi nani?"

"Namba kumi na tisa," alirudia, akapanda tena kwenye ngazi yake na kuanza kugeuza taa ambayo tayari ilikuwa imekaa sawa.

Alitaka kutoka. Mlango ulikuwa hatua sita tu. Lakini ombi la mwisho la mtu unamkataaje, na mtu mwenyewe umeshamkataa yeye mzima? Akazunguka kwa shingo upande. Kumi na mbili, mfua vyuma. Kumi na tano, muuza samaki, kidole kimoja kifupi. Kumi na nane, mpiga chapa.

Kumi na tisa ilikuwa mikono miwili.

Ilikuwa imeshikana, wa kulia kwa wa kulia, kama watu wanavyosalimiana. Kibao kilisema: "Mafundi wawili." Basi. Mkono mmoja ulikuwa mkubwa, una kovu jembamba kwenye kidole gumba, na huo hakuhitaji kuambiwa ni wa nani. Aliubusu mara ngapi? Wa pili ulikuwa mdogo, wa mtu mzima, ngozi imelegea juu ya mishipa, na ubavuni mwa kidole cha kati kuna sugu ya sindano. Ulikuwa umeshika barabara. Si kule kushika kwa ncha za vidole kwa ajili ya adabu. Vidole vilikuwa vimezama kwenye nyama ya mkono wa mwenzake.

Bi Plasta alitazama kifundo. Upande wa kidole gumba mfupa ulikuwa umeinuka, kwa kiasi cha punje ya harage.

Akanyoosha mkono bila kufikiri, kama afanyavyo kila siku, akaweka kidole gumba juu ya mfupa ule na kuupapasa taratibu kutoka juu kwenda chini.

"Dada, maandishi huyaoni?" msimamizi alimjia mbio. "Hatugusi. Jasho la mikono linatia madoa kwenye plasta."

"Huu nimeufunga mimi," Bi Plasta alisema.

"Umefunga nini?"

"Huu mkono. Niliufunga mimi, akaenda akaukata kwa mkasi. Ni wa mama yangu." Sauti yake ilipanda ikajaa ukumbi mzima, na hakuitambua. "Mama yangu alikataa kumpa huyu mtu mkono. Nilikuwepo, niliona. Huu umefikaje hapa?"

Msimamizi alivua miwani, akamtazama yeye, akamtazama Chokaa kule juu, akakumbuka kwamba ana kazi upande wa pili.

Chokaa alishuka. Alivuta sanduku la mbao lililokuja na sanamu, akaliweka karibu na namba kumi na tisa. Bi Plasta hakukaa.

"Alikuja mwenyewe," Chokaa alianza. "Wiki tatu zilizopita. Sijui karakana aliijuaje."

"Anajua kila kitu. Endelea."

"Aliingia, hakuketi, akaanza kukagua. Akauliza hii ndoo ina nini, nikamwambia. Akauliza mikono uliyonayo ni ya nani na nani, nikamtajia. Akasema, 'Wa mkunga upo, wa dereva upo, wa muuza samaki upo. Sisi tunaowavisha nguo hao wote hatumo?' Akakunja mkono wa blauzi."

Bi Plasta aliisikia sauti ya mama yake ndani ya maneno yale, neno kwa neno, akajikuta anataka kucheka na machozi yako tayari.

"Nikachanganya uji," Chokaa aliendelea. "Akatumbukiza mkono, akautoa. Akasema haiwezekani mkono ukae hivi hivi tu hewani kama wa ombaomba, lazima ushike kitu. Nikamwuliza ushike nini, mama? Akasema, 'Lete wako.'"

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Tukarudia mara tatu. Inatakiwa mtulie dakika kumi bila kutikisa hata kidole, na mama yako akiongea anaongea na mikono. Mara ya kwanza alinisimulia habari za baba yako, umbo likaharibika. Mara ya pili alinigombeza kwa nini nimekonda, likaharibika. Mara ya tatu akanyamaza."

"Mama alinyamaza dakika kumi?"

"Tisa. Ya kumi akasema jambo, ila mkono hakuutikisa. Alisema, 'Mwaka mzima mwanangu anarudi kazini, anakula, anaosha sahani, analala. Hajanilaumu hata siku moja. Angenigombeza ningemjibu. Baba yake alipoondoka mimi nami sikusema neno, niliendelea kushona, na yeye alikuwa amekaa pale chini ananitazama. Kunyamaza amejifunza kwangu.'"

Bi Plasta alikaa sasa.

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukiambiwa utatii tu, kama ulivyotii kukatazwa. Alisema, 'Atakuja ukumbini. Mkono wangu anaujua, ameuangalia miaka minne kwa huruma. Akishauona, kama ana la kusema, atasema. Kama hana, basi hana, na wewe uende zako.' Na wewe ukaja ukanipa ufunguo."

Nenda ukalimalize. Kwa mdomo wako. Umesikia nini? Asubuhi yote ilimrudia, pamoja na mdomo wa mama uliofunguka ukajifunga. Mwaka mzima wamekaa sebule moja, meza moja, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Alichoka, Mungu wangu, alichoka na kule kuokota pini.

Alitoa simu, akabonyeza, akaiweka kwenye spika juu ya mapaja yake. Chokaa alitaka kusogea pembeni kwa heshima. "Baki," akamwambia.

Cherehani ilisikika kwanza, kisha ikasimama.

"Haya," alisema mama.

"Nimeuona."

"Ehe. Ukoje?"

"Umepinda."

"Aliyeufunga nani?"

"Aliyeufungua nani?"

Mama alikohoa kikohozi chake cha kuficha kicheko. Kisha kukawa kimya, na Bi Plasta alijua kimya kile, amekiishi. Safari hii kilikuwa kimemwachia nafasi ya kusema. Akapiga moyo konde.

"Mama, nampenda huyu mtu. Siku ile nilimpenda hivi hivi na sikusema. Ulimkosea, na mimi nilimkosea zaidi, kwa sababu wewe ulikuwa unaogopa na mimi nilikuwa nakuogopa wewe. Nataka anioe. Akienda huko anakokwenda nitamfuata, na wewe nitakuja kukuona kila mwezi, na ukikataa nitakuja vile vile. Na nimechoka, mama. Nimechoka mpaka kwenye mifupa."

Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya wagonjwa, maana nguvu ya kulia hakuwa nayo. Msimamizi wa ukumbi alikuwa amesimama na kikaratasi cha USIGUSE mkononi, hajui akibandike wapi.

Mama alivuta pumzi. "Afadhali," alisema, na sauti yake haikuwa imara. "Afadhali, mwanangu. Nilidhani nimekuua ulimi." Akapenga kamasi. "Yupo hapo?"

"Yupo."

"Ananisikia?"

"Nakusikia, mama," alisema Chokaa. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Chokaa alimtazama Bi Plasta. Mtu aliyekaa juu ya ngazi tangu asubuhi, aliyeambiwa hapana nusu saa iliyopita, hakuwa amejiandaa kwa swali hilo.

"Bado, mama."

"Nilijua. Mkimaliza mambo yenu hapo mje wote, chakula kipo. Na huyo binti mwenye viatu vya kazini, mwambie avivue, uchovu wa miguu yake nausikia kwenye sauti." Cherehani ikaanza kabla simu haijakatika.

Wageni wa kwanza walikuwa wameanza kuingia, wanasogea polepole kati ya vimeza, wanaongea kwa sauti za chini. Wawili walisimama mbele ya namba kumi na tisa. Mmoja alimwambia mwenzake, tazama bibi alivyoshika, utafikiri anamvusha mtu barabara.

Bi Plasta alinyoosha kiganja.

"Nirudishie ufunguo wangu," alisema.

Chokaa alifungua ngumi yake ya kulia. Ufunguo ulikuwa pale pale. Hakuuweka mfukoni wala mezani. Alipanda nao ngazi, alishuka nao, alivuta nao sanduku, alisimulia yote akiwa ameubana, na meno ya ufunguo yalikuwa yameacha alama nyekundu katikati ya kiganja, jino kwa jino, ungeweza kumimina plasta ukapata ufunguo mwingine.

Aliuchukua, akaurudisha kwenye pete moja na funguo za nyumbani. Kisha akavua viatu.